Ziara ya kilima cha Salaita, karibu na Taveta nchini Kenya, kwa mwandishi wa riwaya ya vita: nyota nne

Naandika riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mpagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, upande wa Waingereza. Vitabu ninavyo vya kutosha. Nilichokosa ni ardhi yenyewe. Nikakodi gari pale Voi pamoja na kijana mwongozaji, shilingi 12,000 kutwa nzima, mafuta juu yake.

Barabara ya Taveta siku hizi ni lami, na reli ya zamani, ile Waingereza waliyoanza kuijenga 1915 ili kusogeza majeshi hadi mpakani na koloni la Wajerumani (Tanzania ya leo), inaandamana nayo. Maktau, kituo cha njiani, tulipita chapuchapu.

Salaita ndipo pesa yangu ilipolipa. Ukikitazama kutoka barabarani ni kilima tu, wala hakitishi. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na hapa wakajichimbia. Tarehe 12 Februari 1916, brigedi ya Waafrika Kusini, wageni wa nyika hii, ikatumwa kuwang'oa. Mizinga ikatwanga kileleni, kumbe mahandaki yenye watu yako chini, kwenye kitako cha kilima. Hayo yamo vitabuni. Yasiyomo ni haya: yule kijana aliniambia, "Mama, hebu chuchumaa." Nikachuchumaa. Miiba mitupu! Kilima chote kikapotea, nikabaki na vumbi na mlio wa nyenje. Mpagazi aliyejikunyata hapo na sanduku la risasi hakuiona vita, aliisikia. Sura yangu ya saba sasa ni ya masikio.

Mbele kidogo akaokota ganda la risasi lililoliwa na kutu ya kijani, akaligeuza nione alama za kiwandani kwenye kitako chake, kisha akalirudisha palepale alipolitoa. Hapo nikamheshimu.

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu maelezo yake ni ya majenerali: Lettow-Vorbeck wa Wajerumani hivi, Smuts wa Waingereza vile. Nilipouliza wapagazi walikula nini, kimya. Walipewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa ovyo, na wakati wa kuupika ukaiva haukuwepo. Matumbo yakaharibika. Maradhi yaliwamaliza wengi kuliko risasi. Makaburi ya wanajeshi pale Taveta yamepangwa safu safu, na majina yake. Wapagazi wengi waliokufa vitani hawakupata jiwe lenye jina popote. Nilikaa pale kupita muda aliopanga, naye hakununa.

Chakula cha mchana tulikiona saa kumi, ndizi kwa nyama mjini Taveta, njaa imeshatutoa roho. Bebeni chenu, na maji mengi.

Ukienda, mwambie mwongozaji mapema unataka habari za wapagazi, ajiandae. Na uende Februari, mwezi uleule wa mapigano, upande kilima saa saba mchana. Jua lile hutalipata maktaba.