Uzoefu wangu na Thonny, edita iliyonionyesha namba zangu zilipokuwa zinaharibika

Nafanya mobile money hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na jioni nikishafunga kibanda najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Nilichokuwa nataka ni kidogo tu, programu ya kunijumlishia pesa ambazo watu wameweka asubuhi na za jioni ili nisikae na kalkuleta na daftari mpaka saa nne usiku. Najifunza pamoja na binti wa dada yangu, amemaliza S.4 (kidato cha nne) na anakaa kwetu, kwa hiyo haya maoni ni ya watu wawili.

Kabla ya Thonny tulianza na edita nyingine kubwa (edita ni programu unayoandikia na kuendeshea programu zako), ile ambayo kila mtu wa kompyuta atakwambia uiweke. Jina naliacha, wanaoijua wanaipenda na sina ubishi nao. Lakini kwa mtu anayeanza, jamani, ukiifungua tu inakuuliza kama unaiamini hii folda, na folda ni mimi nimeitengeneza dakika mbili zilizopita, sasa nijibu nini? Bado hujajibu, chini kulia vinatokea visanduku, weka ekstensheni hii (kipande cha kuongezea uwezo), apdeti ile, chagua Python ipi unataka, na mimi najua Python ni moja. Kila kisanduku kinataka bando, na MB kwetu si za kuchezea, tangu Julai 2021 intaneti inakatwa ushuru wa asilimia 12.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Jumamosi moja nilirekebisha laini ile ile, yaani mstari mmoja wa programu, karibu mara kumi, kila nikiiendesha kule chini kwenye terminali, sehemu ya kutolea majibu, inatoa jibu lile lile la kwanza. Nikabadilisha tena, nikafunga nikafungua, nikaanza kuamini laptopu imekufa. Kumbe faili lilikuwa halijasevu, na alama ya kunionya ilikuwa kidoti kimoja cheupe kidogo kando ya jina la faili huko juu. Kidoti tu! Mtu ambaye hajaambiwa maana yake atakijuaje? Siku nzima ilipotea hapo na binti akasema yeye hataki tena mambo ya kompyuta. Hilo ndo lilinifanya nitafute kitu kingine, sikutaka akate tamaa kwa sababu ya kidoti.

Thonny ilianzia Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia, Aivar Annamaa ndiye aliyeianzisha, na tangu mwanzo ilikusudiwa wanaoanza. Ni ya bure. Installa yake ya Windows haifiki MB 50 na Python imo humo humo ndani, kwa hiyo unadownload mara moja basi, hakuna kwenda tena kutafuta Python pembeni. Mara ya kwanza inauliza lugha na mpangilio, unabonyeza, imefunguka. Unachoona ni sehemu ya kuandikia juu, sehemu ya majibu chini, na vitufe vichache. F5 inaendesha, na ikiendesha inasevu yenyewe. Mabano ukisahau kuyafunga inapaka rangi kuanzia pale ulipoyafungua, jicho linaenda lenyewe.

Sasa sikilizeni lililotushika sisi. Programu yetu ilikuwa inauliza pesa za asubuhi, tunaandika 50000, inauliza za jioni, 20000, halafu inajumlisha. Jibu likaja 5000020000, yaani shilingi bilioni tano na elfu ishirini, kwa kibanda cha Busia. Hakuna maandishi mekundu, hakuna kosa lililotajwa. Tukafungua menyu ya View tukaweka tiki kwenye Variables, likatokea dirisha pembeni linaonyesha kila jina na kilichomo ndani yake. Binti akasogea karibu na skrini akauliza, "Mjomba, mbona hizi namba zina vimkia huku na huku?" Nikaangalia, kweli, '50000' na '20000' zote zina alama za nukuu. Zilikuwa maneno, si namba, maana input, amri ya Python ya kumuuliza mtu aandike kitu, inarudisha maandishi kila mara, na maandishi ukiyajumlisha yanaunganishwa tu kama mabehewa. Tukazungushia int(), amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, tukaendesha tena, nukuu zikapotea na jibu likawa 70000. Binti aliruka pale kwenye kiti na mimi pia nilifurahi sana, kwa sababu hatukuambiwa na mtu, tuliona wenyewe.

Pia kuna ile ya kwenda hatua kwa hatua, Ctrl+F5 halafu unabonyeza F7 taratibu. Inachukua laini moja inaivunja mbele yako, inahesabu kipande hiki kwanza, inaweka jibu mahali pake, inaenda kipande kinachofuata. Mambo ya fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina unachokiita kikufanyie kazi, niliyaelewa hapo, kila ukiita fanksheni inafungua kidirisha chake na vitu vyake.

Kasoro zipo. Hivyo vidirisha kwenye skrini ndogo vinarundikana, unaanza kuvisogeza huku na kule unasahau ulikuwa wapi. Dirisha la Variables mwanzoni limefichwa na ndilo bora kuliko yote, mimi ningeliweka wazi tangu siku ya kwanza. Kitufe cha kwenda hatua kwa hatua kina picha ya mdudu, binti hakukigusa wiki nzima akidhani ni mambo ya virusi. Na laptopu yangu F7 lazima ushike Fn kwanza, hilo mtu anayefundisha aliseme mapema. Ukitaka kutengeneza tovuti pia haitakutosha, hii ni ya Python.

Wale wanaonishauri nirudi kwenye ile kubwa kwa sababu ndo ya maofisini, nawasikia, labda siku moja. Sasa hivi binti anaandika sehemu ya kutoa pesa, na kila akimaliza laini mbili anaangalia kwanza pembeni kama vimkia vipo.