Tiba ya familia kwa kijana mwenye anoreksia: uzoefu wangu, na yule bwana wa kikao cha pili

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazipoi, basi naandika nazo.

Mwanangu ana anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula na kukonda kupita kiasi. Ni wa kiume, na najua kuna watakaorudia kusoma hapo. Hata fomu ya kliniki ilikuwa na swali la mara ya mwisho kupata hedhi. Tukaambiwa tuliruke tu, tukaliruka. Hilo silo lililonileta. Kilichonileta ni sentensi moja iliyotamkwa kwenye kikao cha pili. Someni, kisha mniambie kama natia chumvi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumezunguka sana. Kuna walioniambia ni ujana tu, atakua. Kuna waliomwita chumbani peke yake, wakamuuliza kinachomsumbua, akatoka hivyo hivyo na kuzidi kukonda. Ndipo tukaelekezwa kwenye tiba ya familia, ile ambayo baba, mama na watoto wote mnaingia pamoja.

Kikao cha kwanza tulimpata mama mmoja asiye na haraka. Alimpima mtoto uzito faraghani, akaweka nukta kwenye grafu, akatuonyesha sote. Halafu akasema maneno ambayo mimi na baba yake tuliyarudia njiani hadi nyumbani: ugonjwa ni ugonjwa na mtoto ni mtoto, msivichanganye. Hapa hatumtafuti aliyesababisha. Kuanzia leo chakula kiko mikononi mwenu nyinyi wazazi, kipi, kiasi gani, saa ngapi, na hakuna mjadala. Afya ikirudi mtamrudishia uamuzi wake kidogo kidogo. Chakula ndiyo dawa, akasema, na dozi yake hairukwi.

Nilitoka pale nikiwa nimepewa kazi. Kwa muda mrefu nilikuwa nimepewa lawama tu, kwa hiyo mtaelewa kwa nini kazi ilinifurahisha.

Sasa kikao cha pili. Katika tiba hii kikao cha pili ni cha kula. Familia inakuja na chakula chake na kukila mbele ya mtaalamu. Yeye anatazama mnavyokula, kisha anawaelekeza wazazi pale pale, mpaka mtoto ale tonge moja zaidi ya alilokusudia kula. Moja tu. Mtoto aone wazazi wake wameshikamana na hawayumbi, na wazazi nao waone kwamba wanaweza. Ndugu zake hawana kazi ya kumsimamia. Wao ni wa kumliwaza baadaye.

Tulipofika, mtaalamu wetu alikuwa na udhuru. Tukapewa bwana mwingine. Alichelewa, akaingia na simu mkononi, akaiweka mezani uso juu, akamgeukia mwanangu mdogo na kumuuliza, "Mgonjwa ndiye wewe?" Mdogo akamtazama kaka yake. Kama angefungua faili hata ukurasa wa kwanza asingeuliza. Kama angetazama tu watoto wawili waliokaa mbele yake asingeuliza.

Tukapakua. Mwanangu akaanza yale ambayo wazazi wa watoto hawa mnayajua: kukata vipande vidogo vidogo, kusogeza huku na huku, kupangusa kijiko, kunywa maji. Mimi nilikaa kulia kwake, baba yake kushoto, kama tulivyoelekezwa. Hatukumfokea. "Chukua kijiko, mwanangu." Kimya. "Najua ni vigumu. Chukua kijiko." Akalia. Tukangoja. Baba yake akamshika bega. Na baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama umesimama, mkono ukanyanyuka, kijiko kikawa njiani.

Hapo ndipo yule bwana akajiegemeza kwenye kiti na kunena:

"Mama, huyu mtoto hakatai chakula. Anakukataa wewe. Hebu tuambie, huko nyumbani kuna nini?"

Kijiko kikarudi sahanini. Hakikunyanyuka tena siku hiyo.

Mume wangu si msemaji, lakini alisema. "Daktari, si tuliambiwa hapa hakuna kutafuta mchawi?" Akajibiwa, "Kila jambo lina chanzo chake, mzee." Kisha akatazama simu yake.

Mnaweza kusema ni neno tu. Anoreksia ni wakili hodari: mpe karatasi moja yenye mhuri, ataitoa kila siku mahakamani. Kuanzia jioni ile, kila mlo ulianza na hiyo sentensi. "Daktari alisema shida ni wewe." Asubuhi, mchana, jioni, na katikati. Mimi nikiweka sahani, wewe ndiye shida. Nikikaa naye, wewe ndiye shida. Akawa anakubali baba yake tu abaki, halafu baba yake naye akakataliwa kwa sababu "yuko upande wako". Umoja wetu, ambao ndio msingi wa tiba nzima, ulitobolewa na mtu aliyelipwa kuujenga.

Kwa hasira nilianza kusoma, na nilichokikuta kilizidi kunipandisha, kwa sababu sentensi ile ina ukoo mrefu. William Gull, daktari wa London aliyeupa ugonjwa huu jina miaka ya 1870, aliandika kwamba ndugu na jamaa kwa kawaida ndio wahudumu wabaya kuliko wote. Baada yake watoto wengi walitengwa na wazazi wao ili wapone. Miaka ya 1970 Salvador Minuchin, daktari wa akili kule Philadelphia, Marekani, aliziita familia ndani na kula nazo mezani, jambo jema, lakini naye aliamini familia zenyewe zina kasoro ya namna fulani: zinabanana mno, zinalinda mno, zinakwepa ugomvi. Kwa hiyo huyu bwana wetu hakubuni kitu. Alikuwa anarudia somo la zamani, lililokwisha kujibiwa.

Na lilijibiwa na watu wa tiba hii hii. Katika hospitali ya Maudsley, London, Gerald Russell, Christopher Dare, Ivan Eisler na wenzao walizigeuza familia kutoka washitakiwa kuwa wauguzi. Mwaka 1987 walichapisha matokeo: kwa vijana ambao ugonjwa uliwaanza mapema na haujafikisha miaka 3, tiba ya familia ilifanya vizuri kuliko kumwona mgonjwa peke yake. Baadaye, mwaka 2001, James Lock na Daniel le Grange waliandika mwongozo wa hatua kwa hatua, na ndani yake mtaalamu anaagizwa asichukue msimamo wowote kuhusu chanzo. Wowote. Yaani nilichokikataa mimi mama mtu kimekatazwa kwenye kitabu cha kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo Eisler na wenzake walilikuta: familia ambazo mzazi anamkosoa sana mtoto hufanya vizuri zaidi wazazi wakionwa mbali na mtoto. Maana yake, watu hawa wanajua lawama chumbani zinaharibu. Sasa lawama za mzazi zikiwa na sumu kiasi hicho, za daktari, mbele ya mtoto, kijiko kikiwa hewani, zina nini?

Na "huko nyumbani kuna nini" nitamjibu hapa kwa kuwa pale hakungoja jibu. Nyumbani kuna njaa. Kule Minnesota, Marekani, katika jaribio la mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi wanaume 36 waliokuwa wazima wa mwili na akili. Wakawa wakali, wakajitenga, wakaota chakula, wakakichezea sahanini, wakasoma vitabu vya mapishi kwa hamu. Mama zao hawakuwapo. Mwanangu anakaa jikoni akisoma mapishi ambayo hatayala, anagombana na mdogo wake, hacheki, na watu wanadhani wanaona siri ya familia. Wanaona ubongo usiolishwa.

Nilitaka kuishia hapo na kuwaambia msikanyage tiba hii. Rasimu ya kwanza ya maelezo haya ilisema hivyo.

Lakini yule mama wa kwanza alirudi. Hakuniita pembeni kunituliza. Alimkalisha mwanangu, sote tukiwapo, akasema, "Ulichoambiwa kuhusu mama yako si kweli, na hakikupaswa kusemwa humu. Mama yako hakukupa ugonjwa huu. Atakusaidia kuutoa." Akamgeukia baba yake, akamwambia vivyo hivyo. Kisha akauliza kesho asubuhi nani anakaa na mtoto wakati wa kula. Alitumia dakika chache tu kufuta, saa yote iliyobaki ikawa ya kazi.

Na kazi ni kazi. Asikudanganye mtu kwamba hii ni tiba ya kuzungumza. Mmoja wetu aliomba ruhusa kazini akae nyumbani. Milo yote na vitafunio vyote tulisimamia sisi, na baada ya kula tulikaa naye asiende kujifungia bafuni. Mbio zilisimama, alikuwa mkimbiaji, na hilo alilililia kuliko chakula. Shuleni palitafutwa mwalimu wa kula naye. Sahani zimeruka. Nimeambiwa nachukiwa na mtoto ambaye hakuwahi kuninyanyulia sauti. Mdogo wake amekula peke yake mbele ya televisheni mara nyingi kuliko ninavyopenda. Na kila kikao, mizani kwanza, nukta kwenye grafu, na tumbo langu kwenye koo.

Nukta zilianza kupanda. Polepole, halafu kwa uhakika. Siku moja alimchokoza mdogo wake mezani, kwa utani ule wake wa zamani, na mdogo akaniangalia kama anauliza: nicheke au nisicheke?

Kwa hiyo, tiba yenyewe? Nendeni. Mapema, msingoje. Ila mtoto akiwa anazimia, au mapigo ya moyo yameshuka mno, hospitali kwanza, maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa pupa madini ya damu, hasa fosfeti, yanaweza kushuka ghafla, na hiyo inaua. Na msiahidiwe muujiza. Katika utafiti wa Lock na wenzake uliotoka mwaka 2010, vijana 121, mwaka mmoja baada ya tiba kwisha takriban nusu ya waliopata tiba ya familia walikuwa wamepona kabisa, wakati waliotibiwa peke yao hawakufika robo. Nusu ni nyingi. Nusu pia inanikosesha usingizi.

Na hapa ndipo hasira zinarudi, maana nilikuwa nimeanza kuwapa nyota nne. Katika tiba hii, kijana anayeongezeka uzito mwezi wa kwanza ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Wenyewe wanalijua, ndiyo maana grafu ipo. Huo mwezi wa kwanza ndio yule bwana alioutia mchanga. Nukta zetu za mwanzo zimelala chini, ziko pale kwenye faili, mtu yeyote anaweza kuzitazama. Sitajua kamwe zingekuwa wapi.

Niliandika barua. Jibu lilichukua muda, likaja na mistari michache: "Tunasikitika kwamba ulijisikia kulaumiwa." Sikujisikia. Nililaumiwa, kwa Kiswahili, mbele ya mume wangu na watoto wangu. Hakuna neno juu ya kumfundisha, hakuna neno juu ya kusoma faili kabla ya kuingia, na bado anaona familia. Pengine leo kuna mama amekaa kwenye kiti kile kile na kijiko kiko njiani.

Basi kliniki nawapa mbili, na ya pili ni ya yule mama. Yeye peke yake ningempa zote. Ukienda popote kwa tiba hii, waulize kabla hujaingiza mtoto: mnafuata mwongozo? Mtaalamu wetu asipokuwepo, nani anashika, na amefunzwa hii au amefunzwa nyingine? Wakikasirika kwa kuulizwa, umeshajibiwa.

Sisi tuko sehemu ya pili ya tiba sasa, ile ya kumrudishia uamuzi wake kidogo kidogo. Kifungua kinywa anajipakulia mwenyewe, sisi tunatazama tu. Siku akipunguza tunaongeza, ananuna, anakula. Kuhusu kukimbia bado hatujaongea.

Juzi wamepiga simu kutoka mapokezi kunikumbusha miadi, na kwamba mtaalamu wetu hatakuwepo. Nikauliza anashika nani. Wakamtaja. Nikasema basi tutangoja arudi.

"Mama, hapa daktari hachaguliwi."

"Mwanangu, huyo nimemchagua kutomwona. Niandikie tarehe nyingine."

Kaiandika.