Blender kwa majina ya maharusi: nimehama MP4, sirudi

Mimi nahariri video za harusi, na kinachonikesha si kukata picha, ni majina. Yale maandishi ya dhahabu yanayoteleza chini ya skrini mama mzazi anapoingia ukumbini. Zamani nilinunua mapambo hayo mtandaoni, muuzaji akiapa kwamba nyuma hayana kitu. Yakaja kwa MP4, faili la video la kawaida! Video ya H.264 (namna ya kubana video) iliyomo humo kwa kawaida haibebi alfa, ile chaneli inayosema wapi paonekane na wapi papenye. Nikalaza jina juu ya video ya sendofu, boksi jeusi likamfunika mama wa watu kifuani.

Tangu hapo natengeneza mwenyewe kwa Blender, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchezesha maumbo ya 3D. Ni bure kweli, haikubandiki nembo yake juu ya kazi yako.

Uwazi unawashwa sehemu mbili. Kwanza kwenye "Film" tia tiki "Transparent". Nyuma ya herufi patageuka miraba ya kijivu kama ubao wa drafti. Kisha upande wa kutolea chagua PNG (kila fremu inatoka kama picha yake peke yake), halafu RGBA, yaani rangi pamoja na alfa, si RGB, rangi tupu. Siku ya kwanza nilitia tiki nikaiacha RGB. Weusi ukarudi uleule, na safari hiyo sikuwa na muuzaji wa kumlaumu.

Kuna wanaopenda ProRes 4444, aina ya video inayotoka kama faili moja, na ni kweli inabeba alfa (ProRes 422 haibebi). Lakini kwa umeme wetu huu, mimi na PNG. Jina la sekunde 10 kwa fremu 25 kila sekunde ni picha 250. Juzi umeme ulikatika ikiwa picha ya 181. Ingekuwa faili moja la video, ningeanza upya. Nilifuta hiyo ya 181 iliyoishia njiani, nikaondoa tiki ya "Overwrite" (kuandika juu ya zilizopo), ikaziruka zilizokwisha na kuendelea.

Ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, picha zote 250 zinaingia kama klipu moja. Ukiona herufi zimepakwa wanja mweusi pembeni, usikimbilie kurenda (kuzitoa picha) tena: fungua "Clip Attributes" ujaribu alfa ya "Straight" badala ya "Premultiplied", au kinyume chake.

Angalia pia fremu kabla hujaanza. Blender inafunguka ikiwa 24, kamera yangu ni 25. Na usitarajie kuizoea kwa siku mbili, vitufe ni vingi mno.

Yule mama wa sendofu nilimpelekea video mpya, sikumdai kitu.