TAHADHARI: Muuzaji wa "spika za Italia" inchi 18 Kariakoo ni tapeli, mabesi yangu yameungua

Wakuu, kama kuna mtu ana hela ya spika za inchi 18 mfukoni na kesho anaenda Kariakoo, asitoke nyumbani kabla hajasoma hapa. Naandika huku mikono inatetemeka. Nimepigwa, na nimepigwa na mtu aliyeniita kaka, akaninunulia soda, tukaenda kuswali pamoja.

Nilikuwa natengeneza uani kwangu maboksi ya besi ya kupigia muziki kwenye shughuli, picha mlishaziona, sitarudia yote. Maboksi manne ya honi, yaani sauti ya spika inapitia njia ndefu inayopanuka ndani ya boksi kabla ya kutoka, plaiwudi ya milimita 18, kila boksi limekula karibu bodi mbili nzima za futi nane kwa nne. Fundi wangu wa Temeke alikata kwa mashine, siyo kwa msumeno wa mkono. Kila kiungo gundi na skrubu, kila kona ya ndani imezibwa, tukapitisha mkono kwenye viungo vyote huku besi inapigwa kusikiliza kama kuna upepo unavuja. Hakuna. Boksi moja halibebwi na watu wawili. Nasema haya kwa sababu najua kuna watakaokuja kuniambia boksi lilikuwa baya. Boksi halikuwa baya. Honi za kukunja siyo uchawi, Paul Klipsch wa Marekani alianza kuuza honi yake ya kukaa kwenye kona ya chumba mwaka 1946, na tangu hapo watu duniani kote wanazikunja kila namna. Wimbi la sauti nzito ya hezi 40 (mitikisiko 40 kwa sekunde) lina urefu wa kama mita 8.6, robo yake, ambayo ndiyo urefu unaohitaji njia ya honi, inazidi mita mbili, kwa hiyo unakunja njia ndani ya boksi ili upate urefu huo bila kujenga kitu cha ukubwa wa kontena. Hesabu ilikuwa sahihi.

Kilichobaki kilikuwa spika zenyewe. Na hapo ndipo yule mtu alipoingia.

Duka liko ghorofani, siyo barabarani. Nilielekezwa na DJ ambaye wengi humu mmefanya naye kazi, mtu mzima, hana tabia ya kutuma watu kwa wezi. Ukutani kuna leseni ya biashara imewekewa fremu, kuna namba ya mlipa kodi, kuna kalenda ya benki, kuna kijana anapiga deki. Siyo mtu wa kukuita uchochoroni. Nilimwambia nataka spika ya inchi 18 yenye sumaku kali na koili (ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni ya spika) ya inchi nne, kwa ajili ya honi, na hakushangaa. Akaniuliza mwenyewe, "Honi ya aina gani, chemba ya nyuma umeifunga au iko wazi?" Yaani ile nafasi iliyo nyuma ya spika ndani ya boksi. Wakuu, ni wauzaji wangapi wa Kariakoo wanaweza kukuuliza swali hilo? Nikajua hapa nimefika kwa mtu anayeijua kazi.

Akamtuma kijana stoo. Likaletwa boksi jipya, gamu haijaguswa, lina nembo ya kampuni ya Italia tunayoijua wote. Akalikata mbele yangu kwa kisu. Ndani sponji, karatasi ya vipimo, spika imefungwa kwenye nailoni. Akaniambia nibebe. Nikabeba, mzigo kweli. Akaiweka juu ya kaunta, akaweka viganja viwili kwenye koni, akaisukuma taratibu kwenda chini na kurudi juu, akasema, "Sikiliza, kuna kitu kinakwaruza?" Hakuna kilichokwaruza. Nikatoa mita yangu mwenyewe, ya kwangu wakuu, siyo ya kwake, nikapima omu, yaani ukinzani wa umeme wa koili. Ikasoma 5.8, na spika ya omu 8 ndivyo inavyosoma, kati ya tano na sita na ushee. Akaiunganisha kwenye ampi (kikuza sauti) ndogo, akaweka singeli. Ikagonga hata bila boksi, kaunta ikatetemeka, soda yangu ikawa inacheza kwenye chupa.

Akachukua simu yangu, siyo yake, akasema piga picha hicho kibandiko cha hologramu. Ukurasa wa mtandaoni ukafunguka, namba ya spika ikatokea, na maandishi ya kijani kwamba bidhaa ni halisi. Sasa niambieni, mteja afanye nini zaidi ya hapo?

Bei, laki sita na nusu kila moja. Najua mtasema spika halisi ya namna hiyo inapita milioni. Hilo nilimuuliza. Akajibu kwamba mzigo umekuja na kontena la mtu wa Dubai aliyekwama na kodi bandarini, anauza haraka atoe hela yake. Hadithi za namna hiyo Kariakoo zipo na nyingine ni za kweli, nimeshanunua ampi kwa njia hiyo na inapiga mpaka leo. Nikalipa milioni mbili na laki sita kwa spika nne. Sehemu ya hela hiyo ilikuwa ya mchezo wa upatu wa mke wangu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kisha azana ya alasiri. Akafunga droo, akasema twende tukaswali, vijana watakufungia mzigo. Tukashuka. Tuliporudi maboksi manne yameshafungwa kamba, yamepangwa mlangoni, bajaji inasubiri. Ile spika niliyoipima, iliyopiga singeli kwenye kaunta, sikuiona tena maishani mwangu. Waliyonipa ni mengine. Alitumia swala, wakuu. Alitumia swala kubadilisha mzigo!

Tukazifunga kwenye maboksi nyumbani, tukajaribu kwa sauti ya chini, majirani na mtoto mchanga wa nyumba ya pili mnawajua. Zikapiga. Kazi ya kwanza ikawa harusi ya Chanika, ile niliyowatangazia.

Saa ya bibi harusi kuingia, MC amesimamisha watu wote, taarabu inapigwa, kina mama wamejipanga na khanga. Boksi la kwanza likaanza kutoa sauti kama mtu anakohoa. Nikapunguza. Likanyamaza kabisa. Likafuata la pembeni yake. Harufu ya koili kuungua ikaingia ukumbini, mama mmoja akapiga kelele moto, watu wakaanza kutafuta milango na bibi harusi kasimama katikati na shela lake hajui aende wapi. Mwenye shughuli alinifuata mbele ya wageni na mbele ya vijana wangu ninaowalipa akaniita mwizi. Mimi! Hela ya kazi sikupata, na shughuli ya dada yake iliyokuwa nipige mwezi ujao kaipa watu wengine.

Usiku uleule tukazifungua. Nyuma ya sumaku kuna kifuniko cha mpira. Tukakichana. Ndani, sumaku nyembamba, na nyuma yake limegundishwa duara la chuma tupu lisilovuta hata msumari. Ndio huo uzito. Koili niliyoambiwa inchi nne ni inchi tatu kasoro, waya mwembamba umezungushwa juu ya karatasi, imeungua nyeusi. Na koni mbili zimechanika pale shingoni zinaposhikana na koili.

Kwa wasiojua, honi ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka spika dhaifu. Koni ya inchi 18 ina eneo la kama sentimita za mraba 1,200, na shingo ya boksi langu, lile tundu la kuingilia njia ya honi, ni kama nusu ya hapo. Hewa yote inayosukumwa na koni inalazimishwa kupita kwenye tundu dogo, na chemba ya nyuma imefungwa. Shinikizo hilo ndilo linaloipa honi sauti ya kufika mbali, lakini ndilo hilohilo linaloikunja koni ya karatasi laini. Spika ile ukiiweka kwenye boksi la kawaida la matundu inaweza kukudanganya mwaka mzima. Na yule mtu alijua. Mimi mwenyewe nilimwambia kwa mdomo wangu ni za honi, akauliza na chemba, na bado akanifungia zile takataka.

Na msije na habari ya "umeipa moto mwingi". Nilikata kila kitu chini ya hezi 38, kwa sababu chini ya uwezo wa honi koni inabaki haina mzigo na inaruka ovyo. Limita, ya kuzuia umeme usizidi kwenye spika, imewekwa. Ampi haikuwasha taa nyekundu usiku mzima. Karatasi ya vipimo inasema wati 1,000 za kuendelea, sikuzipa hata nusu.

Nilirudi dukani nimebeba koili kwenye mfuko. Yule kaka wa soda alinitazama kama hajawahi kuniona. Akasema nimechoma mwenyewe, bidhaa ikishauzwa hairudi, na kwamba zile siyo spika zake. Nikatoa risiti. Wakuu, risiti ile ya mkono imeandikwa "spea za redio, 4". Hakuna jina la kampuni, hakuna modeli, hakuna namba. Siku ile aliniambia mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, mtandao unasumbua, nitumiwe risiti baadaye kwenye simu. Mpaka leo. Namba yangu kaifungia. Yule kijana wa deki alinifuata ngazini akaninong'oneza kwamba mimi siyo wa kwanza.

Sasa mtu huyu afanywe nini? Mimi nasema afungwe. Siyo faini, faini atailipa kwa hela yangu na ya wenzangu kisha kesho anafungua mlango. Nchi ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, Tume ya Ushindani ipo na kazi yake mojawapo ni bidhaa bandia. Waje wachukue stoo yote, wazisage hadharani hapohapo Kariakoo, leseni ile ya kwenye fremu ichanwe, na atulipe kila mmoja wetu. Mtu anayekuchezea kwenye swala hana cha kuonewa huruma. Nimeambiwa na wengine niende na vijana wa mtaani wakamalizane naye. Sitaki hilo, nataka asimame kizimbani aulizwe lile duara la chuma linafanya kazi gani.

Mnaniuliza utazijuaje spika bandia. Hologramu na ule ukurasa wa kijani visikushughulishe, vyote vinatengenezwa. Mwambie akuvulie kile kifuniko cha mpira cha nyuma kabla hujalipa, akikataa ondoka. Pima omu za zote unazobeba, na usitoe macho kwenye ile uliyoipima, andika jina lako juu ya sumaku kwa kalamu ya wino mzito. Kama una mtu mwenye kifaa cha kupima mlio wa asili wa spika na nguvu ya sumaku yake, mbebe, mlipie nauli, linganisha na karatasi ya kampuni. Mzani pia, ingawa kwangu mzani ungedanganywa na kile chuma, laana yake. Bila risiti ya EFD yenye modeli usitoe hata mia. Habari ya mtandao kusumbua ukiisikia, kaa kwenye kiti usubiri urudi.

Jina la duka siweki hapa kwa sababu nafungua malalamiko na sitaki apate cha kunishitakia. Kwenye jengo lile wauzaji wa spika siyo wengi na wengi wao ni watu safi, msiwachome wote kwa ajili yake. Ila yeyote aliyenunua inchi 18 zenye nembo ya Italia kwa "mzigo wa Dubai uliokwama bandarini", fungua kifuniko cha nyuma leo, usisubiri shughuli. Ukikuta lile duara la chuma, usitupe kitu, hata boksi na kamba tunza, piga picha zenye tarehe, tupeleke malalamiko kwa pamoja. Akienda mmoja peke yake, atamwambia amechoma mwenyewe. Tukiwa kumi na koili zetu mezani, hilo neno hatalisema.