Pampu ya mkono ya kukamulia maziwa: miezi minne ya kuitumia kazini

Likizo yangu ya uzazi ilikwisha mwanangu akiwa na wiki kumi tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na humruhusu kuianza likizo hiyo hata wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio. Mimi niliianza wiki mbili kabla kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba na safari ya kila siku kutoka Kimara hadi Posta ilikuwa imenishinda. Kliniki nilisisitiziwa kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka atimize miezi sita. Pampu hii niliinunua kwa ajili ya miezi iliyobaki hapo katikati.

Ni pampu ya mkono, isiyohitaji umeme wala betri, niliyoipata kwa shilingi 35,000 katika duka la dawa Kariakoo. Ina kikombe kinachokaa juu ya titi, ngozi ya silikoni inayovuta hewa, mpini wa kubonyeza, vali ndogo na chupa ya mililita 150. Chapa yake siitaji, kwa sababu madukani zimejaa pampu za umbo hilihili, na ninayoyaeleza yanahusu muundo wenyewe.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri, ila inataka kujifunza. Siku za mwanzo nilikuwa nikibonyeza kwa nguvu na kwa kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikaambulia maumivu na maziwa ya kufunika chini ya chupa tu. Baadaye nilielewa kwamba yafaa kuanza kwa kubonyeza harakaharaka na kwa wepesi, kama mtoto anavyofanya anapoanza kunyonya, na maziwa yakishaanza kushuka ndipo mtu avute polepole na kwa kina. Kwa namna hiyo nimekuwa nikipata mililita 80 hadi 100 kwa mkao mmoja wa dakika ishirini, na kidole gumba kiliacha kuuma baada ya wiki ya pili. Haina kelele, jambo ambalo lilikuwa na maana kubwa kwangu, kwa sababu nilikuwa nikikamulia katika stoo ya mafaili isiyo na kitasa, nikiwa nimeuegemeza mlango kwa kiti.

Udhaifu wake mkubwa ni vali. Ni kipande laini cha silikoni, kisichozidi kidole gumba, chenye mdomo mwembamba kama wa bata ambao hujifunga unapovuta na kufunguka unapoachia ili maziwa yadondoke chupani. Wiki ya tatu maziwa yalipungua ghafla hadi vijiko viwili vitatu. Niliamini kwamba yamekauka. Nilikunywa uji asubuhi na jioni, na usiku mmoja nililia nikiwa nimempakata mtoto, nikijiona nimemnyang'anya haki yake kwa sababu ya kazi. Nilipokwenda kliniki, muuguzi aliniambia, "Mama, hebu kwanza tukione hicho kifaa chako." Akaitoa vali, akaiminya kwa vidole viwili, na pembeni mwa ule mdomo pakaonekana mpasuko mdogo ambao kwa macho ya kawaida nisingeuona kamwe. Nilikuwa naiosha kwa brashi ya chupa, na brashi ndiyo iliyoichana. Tangu siku hiyo naiosha kwa vidole na maji ya sabuni, kisha naichemsha pamoja na vifaa vingine. Ni kosa la mtengenezaji kutoweka vali ya akiba ndani ya boksi wala onyo lolote kuhusu brashi, na anayenunua pampu ya aina hii aulize vali za ziada palepale dukani, kabla hajalipa. Kikombe nacho huja kwa kipimo kimoja tu, kwa hiyo mwenye chuchu kubwa zaidi kitambana.

Kuhifadhi maziwa ni gharama nyingine ambayo boksi haliitaji. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa hadi saa nne katika nyuzijoto 25 au chini yake, na Dar es Salaam ya Februari huzipita nyuzi 30, kwa hiyo niliongeza kibegi cha kuhifadhi ubaridi na pakiti za barafu ili maziwa yafike nyumbani salama hata foleni ya mabasi ya mwendokasi ya jioni inapokuwa ndefu. Yakifika, bibi wa mtoto huyaweka kwenye friji, ambako hukaa hadi siku nne, na kesho yake huyapasha kwa kuitumbukiza chupa katika maji ya uvuguvugu na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo.

Hata hivyo, pampu hii isingenifaa kitu kama nisingepata muda wa kuitumia. Sheria ileile, katika kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Msimamizi wangu hakuwa akilijua hilo, na kwa wiki nzima nilikamua wakati wa chakula cha mchana pekee, blauzi ikilowa kabla ya saa kumi. Nilichapisha kifungu hicho, nikampelekea kwa heshima, akakisoma mbele yangu na kunipa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri. Kiasi nilichokuwa nikikamua kiliongezeka ndani ya siku chache, kwa kuwa titi hutengeneza kadiri linavyotolewa.

Kwa mama anayerudi kazini na asiyemudu pampu ya umeme, naipendekeza. Mwanangu alitimiza miezi sita mwezi uliopita bila kuonja maziwa ya kopo, na pampu bado inafanya kazi, ikiwa na vali yake ya tatu.