Kikadiria bei cha domeni za namba: nyota mbili kati ya tano

Nina domeni (majina ya tovuti) kumi na moja za namba tupu, zote .com, nyingi za tarakimu sita. Mwezi uliopita nikalipia huduma moja ya mtandaoni inayokadiria bei za domeni kama hizo. Jina lake naliweka kapuni.

Kwenye urefu haina shida. Za tarakimu tatu chini ya .com haziwezi kuzidi 1,000, za nne 10,000, na kadiri zinavyokuwa nyingi bei inashuka ipasavyo. Hapo sina neno.

Balaa ni kwenye maana. Niliingiza jina lenye 4 mbili katikati, kisha lingine lenye 8 tatu mwishoni. Yote dola 210! Jamani, wanunuzi wakubwa wa namba ni Wachina, na kwao 4 inasikika kama kifo, 8 inakaribia neno la kutajirika. 520 wanaisoma kama "nakupenda". NetEase, kampuni ya mtandao ya China, wako 163.com, na tiketi za treni za China zinakatwa 12306.cn, namba ileile ya simu yao ya huduma. Mashine haina habari na hayo yote.

Mfano wake wa kujivunia ni 360.com, iliyonunuliwa dola milioni 17 mwaka 2015. Sawa, lakini ni tarakimu tatu, tena mwaka ambao soko la China lilikuwa linachemka. Mimi na domeni zangu za tarakimu sita hapa Sinza nahusikaje?

Usajili wa huduma hiyo nimeufuta. Ile ya 8 tatu nimeiongezea mwaka; ya 4 ikifika Machi naiachia.