Canon G7 X Mark III au Sony RX100 VII: tuache picha, tuangalie mengine

Kamera hizi mbili ndogo zilitoka 2019, na zote zina Wi-Fi, Bluetooth na tundu la maikrofoni ya nje. Kwa hiyo kutuma picha kwenye simu hakuzitenganishi sana.

Tundu la waya ndilo linalozitenganisha. Canon ina USB-C, Sony imebaki na micro-USB, yaani waya wa ziada kwenye begi. Ila Canon huchagua chaja: inataka ile ya USB-PD (mfumo wa kuchaji kwa nguvu zaidi kupitia USB), nyingi za kawaida inazikataa. Sony haina masharti hayo.

Kwa video naipa Canon ushindi. Inaweza kurusha mubashara YouTube bila kupitia kompyuta, tena ina kichujio cha ndani cha kupunguza mwanga, msaada mkubwa ukirekodi mchana.

Sony ina kitundu cha kutazamia kinachochomoza juu ukisukuma kitufe cha pembeni. Jua likipiga kwenye skrini huoni chochote. Hapo unaweka jicho na kuendelea. Canon haina kabisa. Kwa anayepiga picha nje kila siku, ningechagua Sony kwa hilo peke yake.